Mumbai kwa mgeni wa pwani: vada pav au misal, bhel au pani puri, Mohammed Ali Road au Colaba?

Nilikaa Mumbai wiki tano nikimuuguza mjomba. Asubuhi tulikuwa hospitali, mchana tukisubiri majibu ya vipimo, na jioni, mjomba akishalala, nilitoka kutafuta chakula. Tangu nirudi Mombasa, kila anayepata safari ya huko, awe anapeleka mgonjwa au anafuata mzigo wa nguo, hunipigia simu na swali lile lile: nile nini, na nini nisiguse? Nimejibu mara nyingi kwa simu mpaka nikaona bora niandike.

Mizani yangu ni moja. Ukisimama mbele ya mkokoteni, kabla hujauliza jina la chakula, tazama kinamalizikia wapi. Kinachotoka motoni na kuingia mkononi mwako papo hapo, kula bila wasiwasi. Kinachomalizwa kwa maji, kwa barafu, kwa chatne iliyokaa wazi au kitunguu kilichokatwa tangu mchana, hicho subiri mpaka ujue mahali penyewe. Kwa mtalii mwenye wiki mbili za kupoteza, tumbo likichafuka ni usumbufu. Kwa aliyemshika mgonjwa mkono ni balaa, na nitaeleza chini kwa nini nasema hivyo.

Jambo la pili ni majina. Sisi wa pwani tunakwenda India tukidhani tunavijua vyakula vyake, na majina yanatuchezea. Kachori yetu, lile donge la viazi vya kuponda lililochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, kule ni batata vada. Ukiagiza kachori utaletewa kitu kigumu cha unga wa ngano kilichojazwa dengu au choroko zenye viungo. Bhaji ya kwenye pav bhaji si bajia, ni mboga zilizopondwa. Na neno “mutton” kwenye orodha ya hoteli, ambalo sisi tungelisoma kondoo, India aghalabu ni mbuzi. Nyama ya ng’ombe usiitafute: sheria ya jimbo la Maharashtra inakataza kuchinja ng’ombe, na tangu 2015 katazo hilo limejumuisha fahali na maksai pia. Ukiona nyama nyekundu ya bei nafuu isiyo ya mbuzi, jua ni nyati wa kufugwa.

Vada pav, misal na pav bhaji

Vyote vitatu vinaliwa na pav, ule mkate mdogo laini unaookwa kwa safu, ukishikana na wenzake kama matofali. Jina limetoka kwa Wareno, waliouita mkate “pão”. Waliichukua Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa zamani, mwaka 1534, na 1661 wakaitoa kwa Waingereza kama sehemu ya mahari ya binti wa mfalme wao aliyeolewa na Charles wa Pili. Mombasa nayo walikuwapo, wakatuachia meza na leso. Hata batata, kiazi cha kwenye vada, ni neno lao, na sisi tunasema mbatata hadi leo.

Nianze na vada pav, kwa kuwa nikiambiwa nichague chakula kimoja cha mji ule ni hicho. Wanaosimulia historia yake humtaja zaidi Ashok Vaidya, aliyeanza kuiuza nje ya kituo cha treni cha Dadar mwaka 1966. Sehemu zile za Dadar, Parel na Lalbaug zilikuwa mitaa ya viwanda vya nguo, na mfanyakazi alihitaji kitu cha bei ndogo, cha kushiba, cha kula akiwa mguu njiani kuwahi treni. Mgomo mkubwa wa viwanda vile ulianza Januari 1982, wafanyakazi kama laki mbili na nusu wakaweka zana chini, na viwanda vingi havikurudi kuwa kama zamani. Inasimuliwa kwamba waliopoteza kazi si wachache walioweka karai barabarani na kuuza chakula kile kile walichokuwa wakikinunua.

Muuzaji niliyemzoea mimi alikuwa upande wa magharibi wa kituo hicho, ana karai moja pana na sinia la alumini. Viazi vimepondwa na tangawizi, saumu, pilipili mbichi, manjano, mbegu za haradali na majani ya mchuzi. Donge linachovywa kwenye uji mzito wa unga wa dengu, linatumbukizwa kwenye mafuta. Mkono wa kushoto unachomoa pav kutoka kwenye safu, unaipasua bila kuitenganisha, unapaka chatne ya kijani upande huu na ya ukwaju upande ule, unanyunyiza unga mwekundu wa saumu na nazi kavu, kisha vada inawekwa ndani ikiwa bado inachuruzika mafuta, na kiganja kinaibana. Pembeni unapewa pilipili mbichi iliyokaangwa na kutiwa chumvi. Haichukui nusu dakika. Nilikuwa nalipa rupia 20.

Usiogope kumwambia “kam tikha”, yaani pilipili kidogo. Atakupunguzia ule unga mwekundu, ambao ndio ukali wenyewe. Chatne ya kijani unaweza kuikataa kabisa siku za mwanzo, maana ndiyo sehemu pekee ya vada pav isiyopita motoni. Kitu bado kitakuwa kitamu.

Misal pav ni ndugu yake mkali. Humu kuna jamii ya choroko zinazoitwa matki, zimeachwa zichipue kisha zikapikwa, juu zimemwagiwa mchuzi mwembamba mwekundu wenye tabaka la mafuta ya pilipili, kisha chevda, kitunguu kibichi, dania na ndimu. Mchuzi ukikauka kabla ya mkate, omba mwingine, mara nyingi wanakuongeza. Ni chakula cha kukaa mezani asubuhi au mchana, kwa kijiko. Hoteli ya Aaswad huko Dadar ni mahali pazuri pa kuanzia, misal yao haikukomoi. Ukisikia neno “Kolhapuri” mbele ya misal, hapo umeonywa, kwani mji wa Kolhapur unasifika kwa pilipili. Mla pilipili wa kwetu atajiona hodari hadi kijiko cha nne.

Kati ya hizo mbili, mwenye haraka achukue vada pav na mwenye njaa ya kweli achukue misal. Misal ina nguvu ya kunde, unashiba hadi jioni, wakati vada pav ni wanga juu ya wanga: imekusukuma saa mbili tatu, kisha unatafuta nyingine.

Pav bhaji ndiyo ya kumpa mtoto, na mtu mzima asiyeelewana na pilipili. Viazi, nyanya, njegere, koliflawa na pilipili hoho vinapondwapondwa kwenye sinia la chuma pana kama meza, siagi inatupwa kwa vipande vizima, na mkate wenyewe unageuzwa kwenye siagi hiyo hiyo. Inachemka mbele ya macho yako, kwa hiyo kwa mizani yangu inashinda kila kitu kwa usalama, ukiweka kando kile kitunguu kibichi cha pembeni. Bei yake ni ya juu kuliko vada pav mara kadhaa, lakini sahani moja inatosha wawili wasio na njaa sana. Sardar, huko Tardeo, siagi wanaitia bila huruma, na mwenye presha aagize iliyopunguzwa. Kama mwenzako hali vitunguu wala saumu, sema “Jain”: kuna watu wa dini hiyo wengi mjini, na wapishi wamezoea kupika bila vitu hivyo.

Mjomba, daktari alipomruhusu kula vya nje, nilimpeleka Dadar kwa teksi. Alisimama pale kwenye kelele za treni, akaitoa ile pilipili ya kukaanga akanipa mimi, akauma, akatafuna polepole. Akasema, “Mwanangu, hii ni kachori ndani ya boflo.” Akaagiza ya pili.

Bhel au pani puri

Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia, na ndipo ulinganisho una maana zaidi, kwa sababu vitu hivi viwili vinauzwa na mtu mmoja kwenye mkokoteni mmoja, na kwa tumbo ni tofauti kabisa.

Bhel puri ni mchele uliobisishwa, mwepesi kama manyoya, unachanganywa na tambi nyembamba za dengu, viazi vya kuchemsha, kitunguu, embe bichi na chatne mbili, moja ya tende na ukwaju, nyingine ya dania na pilipili. Ukiwa umekulia kwenye viazi karai na ukwaju, au kama ni mtu wa Unguja umezoea urojo, ulimi wako utaitambua hesabu yake mara moja: uchachu, utamu, ukali, na kitu cha kutafunika juu. Tofauti ni kwamba urojo unanywewa, bhel inaliwa kabla haijalowana. Dakika tano zikipita imeshakuwa uji. Pwani ya Girgaum Chowpatty, jua likizama, watu hukaa mchangani na karatasi zao za bhel, na sijaona mji mwingine ambao chakula na mahali vinafaana hivyo.

Kuna aina inayoitwa sukha bhel, bhel kavu. Haina chatne za maji. Inatiwa unga wa viungo, karanga na ndimu. Hiyo ndiyo ninayompendekezea mgeni wa siku za kwanza. Mwambie asitie kitunguu ukitaka kuwa salama zaidi.

Pani puri ni kibumba kikavu cha unga kilichovimba, ukubwa wa ndimu. Muuzaji anakitoboa kwa dole gumba, anatia njegere za moto zilizopikwa na chatne tamu kidogo, kisha anakichovya kwenye maji baridi ya mnanaa, ukwaju na pilipili, na kukukabidhi. Unakiingiza chote mdomoni. Kinapasuka. Kwa sekunde moja hivi una baridi, moto, chumvi na uchachu kwa pamoja, na kabla hujameza anakukabidhi kingine. Ni kitu kitamu kweli, sitakificha.

Lakini ni maji. Usiku wangu wa nne niliona muuzaji mmoja akitumbukiza mkono mzima kwenye ndoo kila anapochovya, na nikala hivyo hivyo, sita kamili. Siku mbili zilizofuata sikuweza kuondoka chumbani. Mjomba alikwenda kupigwa picha ya moyo peke yake, bila Kihindi, bila mtu wa kumshikia viatu na faili. Hilo linaniuma hadi leo kuliko tumbo lenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba usile pani puri. Uile mahali wanapotumia maji ya chupa na glavu. Elco, huko Hill Road, Bandra, wamejijengea jina kwa hilo, na utalipa zaidi kuliko barabarani. Na usile siku mbili kabla ya kipimo, upasuaji au ndege. Ukilazimika kuchagua moja kati ya hizi mbili ukiwa barabarani, chukua bhel kavu.

Nyama: Mohammed Ali Road au Colaba

Ukitoka kituo kikuu cha treni cha Chhatrapati Shivaji ukaelekea kaskazini, ukapita Crawford Market, unaingia Mohammed Ali Road. Mbele kidogo kuna Minara Masjid, na kandokando yake vichochoro vya chakula hadi Bhendi Bazaar. Kwa Mwislamu wa kwetu pumzi inashuka hapa: adhana inasikika, hoteli hazifichi kwamba nyama ni halali, na mtu anakujibu salamu. Ukifika Ramadhani utakuta mtaa umefurika kuanzia magharibi hadi karibu na daku, na kama hupendi msongamano, basi mwezi huo nenda mapema au usiende. Mimi nilikwenda siku za kawaida na nilifurahi zaidi, kwani mpishi alikuwa na nafasi ya kuzungumza.

Kitu cha kula hapo ni baida roti. Nilimkuta mzee mmoja akiitengeneza, nikasimama kutazama. Anachukua donge la unga laini, analipiga mezani na kulivuta hadi linakuwa jepesi kama kitambaa, unaona meza chini yake. Analitandaza kwenye chuma cha moto, anamwaga kima na yai lililopigwa, anakunja pembe nne kama bahasha, anazungushia mafuta. Likipata rangi ya kahawia analikata vipande vya mraba. Nikamwambia, chacha (yaani baba mdogo), hii kwetu ni mkate wa nyama, na Waunguja wanaiita mantabali. Akauliza kwetu ni wapi. Nilipotaja Mombasa akacheka, akasema jirani yake wa Bhendi Bazaar ana shemeji huko. Si ajabu: Bhendi Bazaar ni makao makubwa ya Mabohora, na misikiti yao ipo Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam.

Nalli nihari ni kitu kingine cha kuamkia. Ni mguu wa nyama na uboho wake, umepikwa usiku kucha kwa moto mdogo mpaka mchuzi unanata midomoni, unaliwa kwa naan ya tanuri. Noor Mohammadi, pale Bhendi Bazaar, wanaifanya tangu enzi za Waingereza. Supu yetu ya mifupa ni jamaa yake wa mbali. Hii ina uzito na viungo zaidi, na ukiila asubuhi hutafuti chakula hadi alasiri. Baada ya hapo kuna malpua, chapati nene tamu za mayai zilizokaangwa, na phirni, mchele wa kusaga uliopikwa kwa maziwa na kuwekwa kwenye vibakuli vya udongo. Phirni ni ya baridi lakini imechemka vizuri kabla. Mimi nilikula kila nilipoiona.

Colaba ni upande mwingine wa mji na hali nyingine. Hapo ndipo watalii wanalala, karibu na Gateway of India na hoteli ya Taj Mahal. Nyuma ya hoteli hiyo, jioni, Bademiya wanachoma mishikaki na kebabu za seekh, yaani za kijiti cha chuma, barabarani na kuzifunga kwa roti nyembamba kama leso. Walianza miaka ya 1940. Ni kitamu, kinachomwa mbele yako, na ukiwa umelala jirani huna haja ya teksi. Lakini bei ni ya watalii, na ladha imepunguzwa makali ili imfae kila mtu. Nikilinganisha kebabu kwa kebabu, ya Mohammed Ali Road ina harufu ya moshi na mafuta zaidi, na kwa pesa ile ile unapata na naan na phirni. Anayesafiri na wazee wasioweza kusukumana, au mwanamke aliye peke yake asiyependa vichochoro vya usiku, atastarehe zaidi Colaba. Wengine wote nawaambia wapande kaskazini.

Kifungua kinywa, na vya mgonjwa

Kwenye mikahawa ya Wairani, iliyofunguliwa na Wazoroastro, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, waliohamia kutoka Iran, utapata bun maska: skonzi iliyopasuliwa na kupakwa siagi nyingi, na chai ya maziwa nzito ya kuchovya. Kyani & Co., karibu na Marine Lines, wapo tangu 1904, na meza zao za mbao na viti vya zamani vinakufanya usitake kuondoka. Mswahili aliyezoea chai na mkate wa siagi hatashangazwa na chakula. Atashangazwa na utulivu wake katikati ya mji ule.

Matunga ni ya watu wa kusini mwa India. Hapo, Ram Ashraya au Café Madras, unakula idli na dosa. Idli ni unga wa mchele na dengu aina ya urad uliochachushwa usiku, kama unga wa vitumbua, lakini hauna sukari na hupikwa kwa mvuke. Haina mafuta, haina pilipili, inatoka kwenye mvuke. Mjomba aliishi kwa idli wiki mbili za mwanzo, na muuguzi mmoja ndiye aliyetuelekeza. Dosa ina umbo la chapati ya maji iliyokauka vizuri, ndani viazi vya manjano. Mwenye afya achague dosa, mwenye mgonjwa aagize idli, na chatne ya nazi aache ikiwa haijatoka jikoni wakati huo.

Juisi ya miwa utaiona kila kona, na ndimu na tangawizi kama kwetu. Iombe bila barafu na ikamuliwe mbele yako. Chai ya barabarani inauzwa kwa nusu glasi, wanaiita “cutting”. Inachemka wakati wote, kunywa.

Kwa mwenye jioni moja tu

Beba noti ndogo ndogo, maana wauzaji wengi hulipwa kwa simu na mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko anaweza kukwama. Saa kumi na moja uwe Dadar, ule vada pav moja, si mbili. Panda treni au teksi hadi Girgaum Chowpatty ukaone jua likizama na bhel kavu mkononi. Saa mbili usiku uwe Mohammed Ali Road, baida roti na kebabu, kisha phirni. Kabla hujaondoka, mwambie mpishi “parsel”, ndilo neno lao la kufungiwa, akufungie kebabu na naan mbili kwa yule aliyebaki na mgonjwa.